Siku ya Nne ya Sindano

Cherotich aliletwa hospitali ya misheni ya Chemoiwo mwezi wa Aprili, mwaka wa 1957, amelazwa ndani ya trela iliyozoea kubeba majani ya chai. Mumewe, Bethwel, alikuwa amempakata kichwa ili kisigonge mbao. Watu waliopanga foleni ya dawa walipisha njia. Nesi Bosibori alipomgusa shavu, alirudisha mkono haraka. Lilikuwa baridi, na jua lilikuwa la saa saba.

"Ana nini?"

"Malaria," alisema Bethwel. "Alishuka Soin kumwona dada yake, akarudi na homa. Lakini hata mimi nimepata malaria, Sista, na sikuzima namna hii."

Okeyo aliitwa kutoka maabara. Alikuwa mtu wa Nyakach, miaka ishirini na saba, aliyesomea kazi hiyo Nairobi kwa miaka miwili, na hapo Chemoiwo hadubini ilikuwa mikononi mwake peke yake. Alimtoboa mgonjwa kidole, akarudi na tone la damu chumbani kwake. Malaria aliiona, lakini ilikuwa kidogo, ya kumlaza mtu siku mbili na kumwacha aende zake. Haikutosha kumfanya mwanamke wa miaka ishirini na sita asisikie akiitwa jina.

Aliporudi na jibu hilo, Daktari Hallam alikuwa tayari anasukuma maji ya sukari kwenye mshipa. Bomba la pili halijaisha, Cherotich alifungua macho, akatazama dari, akauliza mtoto wake yuko wapi.

"Yuko nyumbani na mama," alisema Bethwel, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Daktari Hallam alikuwa mwanamke wa Kiingereza wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye Kiswahili cha shambani kisichopamba neno. Alivuta kiti akakaa karibu na Bethwel. Alitaka kujua mambo yalianza lini. Bethwel alisema ni juzi. Daktari akasema hapana, hebu rudi nyuma zaidi.

Ndipo Bethwel akaeleza. Miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwao karibu na Sigor, Cherotich alijifungua msichana. Mtoto alitoka vizuri, lakini kondo la nyuma lilikawia, na damu ikatoka mpaka ngozi aliyolalia ikaloa yote. Alikaa siku mbili kama mtu aliyekwisha kuaga. Alipona, lakini maziwa hayakuja, hata tone moja. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Tangu siku hiyo Cherotich hakuwahi kuona damu ya mwezi. Nywele za mwilini zilipukutika. Alikuwa anajifunga mablanketi mawili mchana, na akikaa chini kupumzika, analala.

"Watu wanasema ni mvivu," alisema Bethwel akitazama sakafu. "Mama yangu anasema ni mvivu. Na mimi nimesema. Mwaka jana alilala, ng'ombe wakaingia mahindi. Nikampiga."

Daktari alikigeuza kiganja cha Cherotich kwenye mwanga wa dirisha, akamfungua mdomo akaangalia ufizi. Vyote vilikuwa vimepauka.

Jioni aliingia maabara akasimama karibu na meza ya Okeyo, kama alivyozoea kufanya akiwa na jambo la kufikiria kwa sauti.

"Kuna tezi mbili juu ya figo," alisema. "Ndogo. Zinatoa kitu kinachomwezesha mtu kuhimili homa, njaa, kazi. Za huyu mama hazifanyi kazi. Hilo nina hakika nalo. Sijui ni kwa nini. Pengine TB imezila. Nimeona wagonjwa wanne wa hivyo, na ufizi wao ulikuwa umeingia weusi; wa huyu umepauka. Au pengine tezi zenyewe ni nzima, ila hazipati amri. Amri inatoka kwenye tezi nyingine, chini ya ubongo, kubwa kama haragwe. Mama akivuja damu nyingi wakati wa kuzaa, ile haragwe inaweza kukosa damu ikafa."

"Na dawa ni tofauti?" aliuliza Okeyo.

"Kama ni TB, anaingia wadi ya TB. Sindano mwaka mmoja na nusu, na mtoto asimsogelee. Kama ni tezi ya kichwani, anameza vidonge vya kotisoni, badala ya kile kitu cha tezi, maisha yake yote, anakaa kwake. Lakini Nairobi hawatanipa kotisoni ya maisha yote kwa sababu nimeangalia ufizi. Watataka namba."

Namba hizo zingetoka kwenye hadubini ya Okeyo. Kulikuwa na dawa iliyotengenezwa kutokana na tezi za vichwa vya nguruwe. Ilikuwa ile amri yenyewe, imetiwa kwenye chupa. Ukimdunga mtu mzima dawa hiyo asubuhi, tezi zake za figo huitika, na baada ya saa nne chembe fulani za damu ziitwazo eosinofili hupungua, zikabaki chini ya nusu. Tezi zisipoitika, chembe hubaki vilevile. Kazi ya Okeyo ilikuwa kuhesabu.

Dawa ilichukua wiki tatu kufika. Wakati huo Cherotich alikaa wadini akinywa maji ya chumvi na uji wa sukari, akapewa dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo huzijaza eosinofili kwenye damu na kuvuruga hesabu. Alikuwa mgonjwa asiyesumbua mtu. Ukimsalimia, alichukua muda kujibu, na sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Bosibori alimpenda. Alimletea soksi za sufu.

Chupa zilipofika zilikuwa nne tu, zimefungwa kwenye pamba, na Okeyo alizipanga kwenye friji ya mafuta ya taa. Dawa ilikuwa nzito kama asali. Jumatatu saa mbili asubuhi Bosibori aliiweka chupa ya kwanza kwapani mpaka dawa ikalainika, akamdunga Cherotich. Kabla ya hapo Okeyo alikuwa ametoa damu, akaivuta kwenye mrija mpaka alama, akaichanganya na maji ya rangi, akaitikisa na kuitandaza kwenye kioo chenye miraba. Eosinofili zilionekana kama vitone vyekundu gizani. Alipitia miraba yote akichora vijiti kwenye karatasi. Mia mbili ishirini na moja.

Saa sita alitoa damu nyingine. Mia mbili na kumi na nne.

Alihesabu tena kwenye kioo cha pili. Tofauti ilikuwa ya chembe tatu. Daktari alikuwa amejifungia chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua, hivyo Okeyo aliiacha karatasi mezani kwake, akatoka kuosha mirija kwenye bomba la nje. Bethwel alikuwa pale, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliinuka.

"Bwana daktari, damu inasema nini?"

Okeyo hakuwa daktari, na kila mtu pale hospitali alilijua hilo isipokuwa wagonjwa. Angeweza kusema, mngoje Daktari Hallam. Neno hilo alilisema mara kumi kwa siku. Lakini alikuwa amechoka, namba alikuwa nayo kichwani, na kuitwa daktari kulimkaa vizuri.

"Tezi hazikuitika," alisema. "Zinaonekana zimekufa."

"Zimekufa? Kwa nini?"

"Mara nyingi huwa ni TB."

Bethwel alibaki amesimama pale. Baadaye Okeyo alimwona akishuka njia ya barabarani, akitembea haraka.

Jioni Daktari aliisoma karatasi, wala haikumsumbua. "Siku ya kwanza haisemi kitu," alisema. "Tezi zikikaa miaka mitatu bila amri zinanywea. Zinataka siku tatu, nne za kuitwa ndipo ziamke. Ndiyo maana niliomba chupa nne. Kama zimekufa, hata ukidunga mwezi mzima hutaona kitu. Tunaendelea mpaka Alhamisi, bila kuruka siku."

Hapo ndipo Okeyo alipaswa kusema alichomwambia Bethwel. Alisema, "Sawa, Daktari," akaenda kulala.

Jumanne sindano ya pili ilidungwa, na saa sita hesabu ikawa mia mbili na tisa. Saa nane mama yake Bethwel alifika na wanaume wawili wa ukoo. Daktari alikuwa tena na kisu mkononi. Bosibori alijaribu kuzuia mlango wa wadi, lakini yule mama alikuwa amekwisha kumwinua Cherotich na kumfunga blanketi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mke wa mtoto wake atakufa kwake, na si katika nyumba ya TB. Walimpakia kwenye lori la magunia lililokuwa linakwenda Bomet.

"Nani aliwaambia TB?" Daktari aliuliza baadaye. Alikuwa bado na kofia ya upasuaji. Mbele yake walikuwa Bosibori, Okeyo na dereva, Ogeto.

Okeyo alitazama ukuta, kisha akamtazama Daktari. "Ni mimi," alisema. "Jana saa sita na nusu, pale bombani."

Daktari alivua kofia. "Chupa zilizobaki ni mbili. Tukikosa kesho, hizi mbili za kwanza ni bure, na Nairobi hawana nyingine mpaka Julai. Na bila dawa yoyote, huyo mama hafiki Julai." Akafikiri. "Siwezi kuondoka, nina mama aliyepasuliwa jana na mwingine wa leo. Utakwenda wewe, na Bosibori. Hadubini inabebeka. Akianguka, acheni kipimo, mpeni kotisoni ya akiba mara moja. Asipoanguka, msimpe mpaka damu ya mwisho itoke, kwa sababu kotisoni nayo inashusha hesabu. Mambo yako mengine tutaongea ukirudi."

Jumatano waliondoka kumekucha. Hadubini ilikaa ndani ya sanduku lake la mbao magotini mwa Okeyo, chupa mbili ndani ya flaski ya chai yenye maji baridi. Waliipita chai yote, ile inayotandaza kijani mpaka macho yanachoka, wakaingia nchi ya mahindi na ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Baada ya Bomet barabara iligeuka uji, na maili tatu kabla ya Sigor Landrova ilizama kwenye kijito mpaka mhimili. Ogeto alishuka, akaizunguka, akasema yeye atabaki kuitoa. Okeyo alijitwika sanduku kichwani. Bosibori alivua viatu, akashika flaski kama mtoto mchanga.

Walifika boma la kina Bethwel karibu saa nne. Mama yake alikuwa nje, akisugua kibuyu cha maziwa ndani kwa kijiti chenye makaa. Majirani walimwita Kogo, yaani nyanya, ingawa hakuwa mzee sana. Hakuinuka.

"Mumekuja kuchukua maiti?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Yuko hai?" aliuliza Bosibori.

"Yuko hai. Hajala tangu jana. Anatapika."

Bosibori hakungoja kukaribishwa. Aliinama akaingia nyumbani, na Okeyo akamsikia akiomba sukari na chumvi, na Bethwel akijibu. Yeye alibaki uani na sanduku lake, mbele ya yule mama.

"Kogo," alisema, "maneno ya TB yalitoka kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia Bethwel. Niliyasema kabla sijajua."

Kijiti kilisimama ndani ya kibuyu. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi nahesabu damu tu."

"Na ulisema kwa sababu gani?"

"Nilijiona najua."

Kogo alikitoa kijiti akakikung'uta majivu. "Mimi nilizaa watoto saba," alisema. "Wawili walishikwa na kifua. Watu wa serikali wakawapeleka kwa nyumba ya TB, huko mbali, wakasema msikuje, mtaambukizwa. Sikukuja. Nikaletewa barua. Sasa nikisikia TB, nifanye nini? Ningojee barua ingine?"

Okeyo alilitua sanduku chini.

"Na leo unajua?" aliuliza Kogo.

"Leo sijui. Ndiyo maana nimekuja na hii mashine. Tunaomba siku mbili. Leo sindano, kesho sindano. Baada ya hapo, hata jibu likiwa gani, nesi atampa vidonge vya kumwamsha. Hatumtoi hapa bila ninyi kukubali."

Bethwel alikuwa ametokea mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama mama yake, naye Kogo akamtazama Okeyo kwa kitambo kirefu.

"Utahesabia hapa nje," alisema mwishowe. "Mbele ya macho yangu."

Cherotich alikuwa kwenye kitanda cha miti, goti limekunjwa, mdomo mkavu. Alipomwona Bosibori alijaribu kucheka. Alikunywa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na saa tano Bosibori alimdunga sindano ya tatu. Kisha wakangoja. Majirani walikuja, wakasalimia, wakakaa. Msichana wa Cherotich, mwenye miaka mitatu, alizunguka lile sanduku la mbao mpaka akachoka, akaenda kulala miguuni mwa mama yake.

Saa tisa Okeyo alitoa damu. Meza ilikuwa kigoda kilichowekwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Aliigeuza hadubini mpaka kioo chake cha chini kikashika jua, akainama. Upepo ulimsumbua, na kuku pia. Alichukua penseli, na Kogo akamshika mkono.

"Hivyo vijiti vyako mimi sisomi. Hesabu kwa mdomo."

Akaenda akarudi na ungo wa mahindi. Kila Okeyo alipotamka namba, Kogo aliweka punje moja ndani ya bakuli. Kazi ya dakika kumi ilichukua nusu saa. Punje zilikuwa mia moja sabini na moja.

"Na siku ya kwanza?"

"Mia mbili ishirini na moja."

Kogo akazihesabu hizo pia kwenye bakuli la pili, kwa subira, kumi kumi, akilinganisha na namba Okeyo alizomtajia. Akayaweka mabakuli kando kwa kando. "Imepungua."

"Kidogo. Inaweza kuwa ni upepo, au mkono wangu. Siwezi kusema kitu."

"Ulipokuwa huna kitu ulisema," alisema Kogo, "sasa uko nacho unanyamaza." Lakini alimletea maziwa, akamwonyesha darasa la shule ya kanisa ambako yeye na Ogeto, aliyefika na Landrova jioni hiyo, wangelala. Bosibori alilala nyumbani kwa Cherotich.

Asubuhi ya Alhamisi Cherotich alikuwa mbaya zaidi. Alishindwa kukaa bila kushikwa, na mapigo yake Bosibori aliyatafuta sana kabla ya kuyapata. Alimwita Okeyo pembeni ya nyumba.

"Nimpe kotisoni sasa?"

"Daktari alisema kama akianguka."

"Hajaanguka. Lakini akianguka saa nane, nikiwa nimengoja kwa ajili ya namba zako, mimi ndiye nitakayemfumba macho."

"Wewe ndiye nesi," alisema Okeyo. "Ukisema tuache, tunaacha."

Bosibori aliuma mdomo. Aliingia ndani, akachuchumaa, akamweleza Cherotich mwenyewe, polepole, kwamba kidonge kipo na anaweza kukimeza saa hiyo, na kwamba akikimeza mapema hawatajua ugonjwa ni upi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Cherotich kitu tangu Jumanne. Alichukua muda wake wa kawaida kujibu.

"Kama ni TB, mtoto ataondolewa kwangu?"

"Kwa muda. Ndiyo."

"Basi nidungeni. Nataka kujua."

Sindano ya nne ilidungwa saa mbili. Bosibori hakutoka kitandani kwake, kidole kwenye mshipa, kidonge ndani ya kijiko pembeni. Alimpa maji ya sukari kila robo saa. Saa tano Cherotich alifungua macho akasema anasikia joto miguuni. Bosibori alifikiri anaweweseka, akamgusa nyayo. Zilikuwa na joto kweli, naye akaiandika saa.

Saa sita kamili Okeyo alitoa damu, na Bosibori akampa Cherotich kidonge papo hapo. Nje, Kogo alikuwa tayari na ungo wake. Watu wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Okeyo aliinama kwenye hadubini, akaanza mraba wa kwanza, na kabla hajafika wa tano alijua, maana alikuwa anapita miraba mitupu. Aliilazimisha sauti yake iende mwendo uleule. Themanini na mbili, themanini na tatu, themanini na nne. Alifika mwisho. Aliosha kioo, akatandaza damu upya, akahesabu tena. Themanini na nane.

Bethwel alikuwa amesimama nyuma yake. "Inasema nini?"

"Namba ni themanini na nne," alisema Okeyo. "Mara ya pili themanini na nane. Maana yake ataisema Daktari."

"Umetembea na hiyo sanduku kwa kichwa kutoka mtoni," alisema Kogo, "halafu unafunga mdomo?"

"Nafunga, Kogo."

Bosibori aliyekuwa mlangoni alicheka mpaka akajishika ukuta, kicheko cha mtu ambaye hakulala. Kogo hakucheka. Aliliweka bakuli la siku hiyo karibu na lile la Jumatatu, akayatazama.

"Hata mimi niko na macho," alisema. Akainuka akaenda kumtafutia mkwewe nguo za safari.

Ijumaa Cherotich alikula ugali kidogo na maziwa, akatembea mwenyewe mpaka kwenye Landrova huku Kogo akimshika kiuno. Kogo aliingia garini bila kumwomba mtu ruhusa. Huko Chemoiwo Daktari Hallam aliisoma karatasi mara mbili, na Okeyo akamwona akivuta pumzi ndefu.

"Zimeamka," alisema. "Zilikuwa zimelala tu. Ni ile ya kichwani iliyokufa, siku ile ya kuzaa. Hakuna TB."

Aliwaita Bethwel, mama yake na Cherotich, akawaeleza kwa maneno mepesi. Cherotich atameza kotisoni kila siku, asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye ataongezewa kidonge cha pili, cha tezi ya shingo ambayo nayo imekosa amri, na kamwe asianze hicho kabla ya kile cha kwanza, kwani kingemwua. Akipata homa, ameze maradufu na aje hospitali siku hiyo hiyo. Bethwel aliyarudia yote mpaka Daktari akaridhika.

"Atazaa tena?" aliuliza Kogo.

"Sidhani, mama. Amri ya kuzaa pia ilikuwa inatoka pale."

Cherotich alitikisa kichwa polepole, kama aliyekuwa amelijua jambo hilo zamani. Bethwel alitoka nje. Okeyo alimkuta bombani, mikono ikining'inia.

"Hakuwa mvivu," alisema Bethwel.

"Hapana."

"Nilimpiga kwa fimbo ya ng'ombe." Alifungua bomba, akanawa uso, akalifunga. "Hilo Daktari hana dawa yake."

Okeyo alisimama naye mpaka alipokuwa tayari kurudi ndani.

Jioni ile Daktari alimwita Okeyo ofisini. Hakupaza sauti. Aliandika onyo kwenye faili yake, ukurasa mmoja na nusu, akampa alisome, na Okeyo akatia sahihi. Kisha, kwenye karatasi nyingine, aliandika barua ya Nairobi pamoja na hesabu za siku nne, na kwenye barua hiyo jina la aliyehesabu lilitajwa. Nairobi walichukua mwezi mzima kujibu. Walikubali.

Kuanzia hapo Cherotich alikuja kila miezi mitatu kuchukua vidonge. Mara ya kwanza alikuja na Kogo, mara ya pili na Bethwel, na mwezi wa Desemba alikuja peke yake. Okeyo hakumtambua. Alikuwa amenenepa uso, sauti yake imekuwa nyepesi, na alikuwa anabishana na Ogeto juu ya bei ya kuku huku mkono mmoja kiunoni. Blanketi hakuwa nalo.

Aliketi maabara kutolewa damu. Okeyo alimwuliza habari za nyumbani.

"Tumevuna. Bethwel alitaka kuleta mke wa pili, watu wa ukoo walimsukuma. Kogo akawaambia wangoje kwanza yeye afe." Alitazama damu yake ikipanda kwenye bomba. "Unajua kitu gani kiliniuma sana, Bwana Okeyo? Sio fimbo. Wakisema mimi ni mvivu, mimi mwenyewe nilikuwa nakubali. Naamka asubuhi, najiambia, leo utafanya kazi kama watu. Saa tatu nimelala shambani. Nikafikiri hiyo ndiyo roho yangu, nimeumbwa nayo vibaya."

Okeyo alilifunika tundu la sindano kwa pamba, akamwambia abonyeze.

"Na hizo za juu ya figo," aliuliza Cherotich, "bado ziko hai?"

Okeyo alifungua mdomo, akaufunga. "Hilo tumwulize Daktari," alisema. "Yuko chumba cha pili. Twende, nitamwuliza pamoja nawe."

Waliuliza. Daktari akasema ziko hai, ila zitaendelea kulala maadamu hakuna wa kuziita, na vidonge vinafanya kazi yao. Cherotich akaridhika. Alivifunga vidonge vya miezi mitatu kwenye kitambaa, akavitia ndani ya kikapu chini ya unga, akawaaga. Lori la Bomet lilikuwa limekwisha kuondoka. Alisema si kitu, atatembea mpaka njia panda, atapata lingine.